Huria Si Kinga, Wanangu

Wanangu, nimelisema jambo hili mara nyingi na leo nalisema tena, bila hasira. Nyinyi mlioacha Windows ya kukreki mkaingia Linux mmefanya vyema, na nimefurahi kwa dhati. Ila kuna kauli mnaitoa vijiweni kwa kujiamini mno: Linux haipati virusi, msimbo wake uko wazi, kila mtu anauona. Kauli hiyo inaninyima amani, kwa sababu anayeiamini huacha kujilinda.

Msimbo ukiwa wazi, anayetaka anaweza kuusoma. Haina maana kwamba yupo aliyeusoma. Kasoro ya Heartbleed iliingia kwenye OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano, katika toleo la mwaka 2012, ikakaa machoni pa ulimwengu hadi Aprili 2014, na muda wote huo seva nyingi zingeweza kuvujisha nywila na funguo za siri. Kisima cha kijiji wote huchota. Siku ya kukisafisha watu hawaonekani.

Nawaomba mkitafakari kisa cha xz. Hiyo ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo karibu katika kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 wakajitokeza watu wa kumlaumu kwamba anachelewa, kwamba mradi unahitaji mtunzaji mwingine. Na pembeni alikuwapo msaidizi mpole, aliyejiita Jia Tan, anatuma marekebisho mazuri wala hachoki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akakabidhiwa funguo. Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0 likiwa na mlango wa uani, wa kumwezesha aliyeutengeneza kuingia kwenye seva za watu kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Sehemu yake ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, ambayo hakuna anayekaa kuyasoma. Kipande cha kuiamsha kiliwekwa kwenye kifurushi cha kupakua tu. Kwenye hazina ya msimbo, ambako wakaguzi hutazama, hakikuwapo.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mtengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, mwajiriwa wa Microsoft. Alikuwa anapima kasi kwenye toleo la majaribio la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula prosesa. Nusu sekunde, wanangu! Nani kati yenu angeijali? Yeye akafukua hadi akafika kwenye mzizi, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza, kabla toleo hilo halijafika kwenye Debian imara ambayo seva nyingi huitegemea. Siudharau uwazi: ndio uliomwezesha Freund kufuata nyayo zile hadi mwisho. Lakini ulingoja mtu mwenye subira kama yake, na adui alipata upenyo kwa sababu mtu mwingine aliachwa abebe mzigo peke yake.

Sasa tuje kwenu. Wengi mmezima masasisho ili kuokoa bando. Bei ya bando naijua, sisemi kwa dharau. Ahirisheni video, ahirisheni michezo, bebeni laptopu mpaka penye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, lakini marekebisho ya usalama yaacheni yapite. Programu hasidi ya WannaCry ilipozifunga kompyuta za Windows duniani kote Mei 2017, Microsoft ilikuwa imeshatoa rekebisho tangu Machi. Msiwacheke wenye kompyuta zile. Kilichowaponza wengi ni kuahirisha, na kuahirisha hakuchagui mfumo.

Kuna na hili la amri. Wi-Fi imegoma, mnatafuta dawa mtandaoni, mnanakili mstari unaoanza na sudo, mnaubandika, mnaandika nywila. Hapo mmempa msiyemjua mamlaka yote ya mashine. Someni kwanza kila neno linafanya nini. Programu zichukueni kwenye hazina ya mfumo wenyewe. Na faili la kusimikia mfumo lihakikini saini yake kabla ya kulitumia: Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, wakageuza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kiwapeleke watu kwenye faili lenye mlango wa uani. Walioathirika hawakukosea anwani. Walifika palepale panapostahili.

Linaloniuma zaidi ni jinsi mnavyowahamisha wengine. Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025, mkamwekea shangazi Linux kwenye laptopu ya dukani, mkaondoka. Kesho yake printa ya risiti haitambuliki, ankara aliyoandika kwa Word imevurugika kwenye LibreOffice, na hana wa kumuuliza. Mwezi hauishi, anamwita fundi amwekee Windows ya kukreki, na sasa yuko pabaya kuliko mlipomkuta. Ulinzi wote mliomwekea haumfai kitu ikiwa mfumo wenyewe umemshinda kuutumia. Waliokuwa katika mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilijua hilo; mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili, kazi ya kuchosha isiyo na sifa kubwa. Natamani nanyi mngekuwa na moyo ule.

Basi kabla ya kumgusia diski, washeni mfumo kutoka kwenye flashi, mjaribu printa yake, simu yake, mafaili yake. Kisichokubali, mwambieni mapema. Mwekeeni toleo la muda mrefu, Ubuntu 24.04, kwa mfano, inahudumiwa hadi 2029. Nakala za hesabu zake zikae kwenye diski ya nje. Mwachieni na namba ya simu, na akipiga, hata siku ya mapumziko, pokeeni.