Kunyamazisha na Kuponya

Kitu kikongwe kikilalamika, mwenyewe hutaka mambo mawili na huyadhani kuwa ni jambo moja: kipone, na kinyamaze. Tofauti yake haionekani upesi katika maneno, lakini ya wazi kabisa katika giaboksi ya gari kuukuu. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kuwatoa wasomaji maktabani kwa muda mfupi, niwapeleke chini ya mwembe wa fundi.

Chukua Land Rover ya Series IIA, iliyoanza kuundwa mwaka 1961, na ambayo ingali ikionekana katika njia zetu za vumbi. Giaboksi yake ina gia nne za kwenda mbele. Ndani mna shafti ya chini, nayo huzunguka wakati wote injini izungukapo na klachi haikukanyagwa, hata gari likiwa limesimama bila gia. Beringi zake zikilika, huvuma. Dereva akikanyaga klachi mvumo hukoma, akiiachia hurudi. Huo ni ushahidi bora kuliko wa mashahidi wengi wa mahakamani, maana hauna haja ya kumpendeza mtu. Walakini katika gia ya nne nguvu hupita juu moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Mvumo hupungua sana. Basi mnunuzi apelekwaye katika barabara tambarare kwa gia ya nne aweza kudanganyika pasipo kuambiwa neno la uongo hata moja.

Tiba ya kweli ni ndefu. Sakafu na sanduku la viti hung'olewa kwanza, ndipo giaboksi itolewe. Hufunguliwa, huoshwa kwa mafuta ya taa, na kila kitu hukaguliwa: beringi, meno ya gia, uma za kuhamishia gia, pete za shaba za gia ya tatu na ya nne. Unga wa chuma uliotoka katika beringi moja umekwisha tembea na oili kila pembe. Kubadili ile iliyovuma peke yake ni kuondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Tiba ya uongo ni fupi: oili nzito kupita kiasi, au oili iliyochanganywa na unga wa mbao. Hila hiyo ni ya zamani. Roald Dahl alimpa muuza magari mmoja katika *Matilda*, kitabu cha mwaka 1988. Giaboksi ile hunywa lita moja na nusu tu. Uongo mkubwa hautaki chombo kikubwa.

Yupo, hata hivyo, mwenye hoja ya haki. Mkulima asiye na bei ya beringi, na mavuno yake yangali shambani, amwambia fundi atie oili nzito ili amalize msimu. Je, fundi ametenda ubaya? Mimi sioni hivyo. Wote wawili wajua; gari limenyamaza, lakini hapana aliyeaminishwa kwamba limepona. Ubaya basi haukai katika oili. Wakaa katika masikio ya mtu asiyekuwapo: nduguye mkulima atakayeliazima gari, abiria, mnunuzi wa mwaka ujao. Mapatano yalikuwa ya wawili, na kimya chake kimerithiwa na wa tatu. Husemwa kuwa mnunuzi na ajiangalie mwenyewe. Ataangaliaje? Hawezi kufungua giaboksi njiani, na njia pekee aliyokuwa nayo ya kujua, yaani sikio lake, ndiyo iliyozibwa. Kumnyima mtu habari ni kosa dogo kuliko kumharibia shahidi wake.

Wengine huikwepa taabu hii kwa kununua giaboksi nzima iliyotoka katika gari jingine. Si vibaya, na mara nyingine hapana budi, kwa kuwa vipuri ni adimu. Lakini ni kubadili kilio kijulikanacho kwa kimya kisichojulikana.

Kwa sababu hiyo nampendelea fundi amrudishiaye mwenye gari beringi zilizotolewa, ndani ya kopo la maziwa, pamoja na pete za shaba zilizolika. Wateja wengi huzitupa. Mmoja mmoja huitia beringi kidoleni, akaizungusha, akasikia gololi zikikwaruza.