Nanga Nne za Paulo

Katika Matendo 27, malaika alishamwambia Paulo kwamba hakuna atakayekufa. Hata hivyo mabaharia walipima kina cha maji, wakashusha nanga nne. Ahadi ya Mungu haikufanya nanga zikose kazi.

Ndugu zangu mnaovua omena ziwani usiku, mmechukua mkopo mkanunua nyavu na taa. Jaketi za kuokoa maisha je? "Mwezi ujao, pasta." Hiyo si imani, ni hesabu mbaya. Wavu ukipotea utanunua mwingine. Baba wa watoto hanunuliwi.

Jumapili hii tunaombea mashua. Kabla ya maombi tutahesabu: jaketi kwa kila mtu, nanga na kamba, makasia, tochi, filimbi, kopo la kuchota maji. Mwenye mashua, anza na jaketi. Amina.