Hamu ya Kwao: Mwanafunzi wa Ughaibuni na Swali la Shukrani

Swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelirudia kwa karne nyingi ni iwapo mtu aliyejaaliwa kusafiri kwa ajili ya elimu ana haki ya kusononeka kwa sababu ya vitu vidogo alivyoviacha nyumbani. Swali hili linawagusa kwa karibu vijana wa Afrika Mashariki wanaoingia katika programu za kubadilishana wanafunzi, yaani mipango inayompeleka kijana katika nchi nyingine kwa muhula au mwaka mzima, akaishi na familia mwenyeji na kusoma katika shule ya pale, kisha akarejea kwao. Mojawapo ni programu ya Kennedy-Lugar YES, iliyoanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002 kufuatia mashambulizi ya Septemba 2001, ambayo huwapokea wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye jamii kubwa za Waislamu, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kijana anayepata nafasi ya namna hii huagwa kwa dua na wasia, na ndani ya wasia huo mara nyingi limo agizo la kushukuru na kutolalamika. Kwa hiyo hamu ya nyumbani inapomshika, humshika pamoja na hisia ya hatia, kwani anajiona amekufuru neema ambayo wenzake wengi wameikosa.

Vitu anavyovikosa ni vile ambavyo hakuwahi kuvihesabu kuwa starehe. Hukosa kopo la maji chooni, adhana ya alfajiri inayomfikia bila kuitafuta katika simu, sinia moja linalozungukwa na watu wengi, chapati na maharage ya nazi, na mtu mzima wa kumwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba. Katika nyumba nyingi za Marekani mwenyeji humwomba mgeni amwite kwa jina lake tupu, na husema hivyo kwa ukarimu wa kweli; lakini kwa kijana aliyelelewa Tanga au Lamu, kumwita mtu wa rika la mama yake kwa jina tupu ni jambo ambalo ulimi hulikataa hata baada ya akili kulikubali.

Ni kosa kuzichukulia raha hizi kuwa anasa, ikiwa anasa ni ziada ya mahitaji inayolegeza nafsi. Kama malalamiko ya mwanafunzi yangehusu anasa, ugeni ungeshinda mara nyingi, kwa kuwa huko huenda amepata chumba chake peke yake, maji ya moto na umeme usiokatika. Anachokikosa hasa ni hali ya kutohitaji kujieleza. Nyumbani anayekula kwa mkono haulizwi kwa nini, anayeamka usiku wa Ramadhani kula daku hatoi maelezo, na anayenyamaza mezani anajulikana kuwa ndivyo alivyo. Ugenini kila moja kati ya mambo haya huhitaji ufafanuzi, na ingawa anayeuliza anaweza kuuliza kwa upendo mkubwa, kujifafanua mchana kutwa huichosha roho kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Kwa maana hiyo, raha ya nyumbani ni kujulikana, na kopo, sinia na salamu ni mahali ambapo kujulikana huko kunaonekana na kushikika.

Mpinzani mkubwa wa hamu hii katika falsafa ni Epictetus, aliyezaliwa Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akawa mtumwa Roma, na baada ya wanafalsafa kufukuzwa mjini humo mwishoni mwa karne ya 1 akafungua shule Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki. Alikuwa Mstoa, yaani mfuasi wa mafundisho yasemayo kwamba mtu huwa huru pale tu anapoacha kuutegemeza moyo wake juu ya mambo yasiyo katika uwezo wake. Wanafunzi wake wengi walitoka mbali, na katika mafunzo yake, ambayo mwanafunzi wake Arrian aliyaandika, yanasikika malalamiko yao: huyu anaumwa na anataka kurudi kwao, yule anaona mabafu ya Nicopolis hayafai. Epictetus aliwajibu kwa ukali kwamba mwenye akili hufanya makao popote, na kwamba anayelilia nchi yake amejifunga mwenyewe. Hata Odysseus, shujaa wa Homer aliyeketi ufukweni akiililia nyumba yake, hakusalimika na lawama zake.

Jibu hilo lina heshima yake, hasa likitoka kwa mtu aliyekuwa mtumwa na kisha mkimbizi, lakini halisimami imara hata ndani ya mafunzo yake mwenyewe. Mahali pengine, akitaka kuwaonya wanaoipenda mno njia wakasahau lengo, Epictetus alitoa mfano wa msafiri anayerejea katika nchi yake, akapitia nyumba nzuri ya wageni, ikampendeza, akabaki humo. Kosa la msafiri huyo ni kusahau anakokwenda, na anakokwenda ni kwao. Mwalimu aliyewakataza wanafunzi kuililia nchi yao alilazimika kuitumia nchi hiyo hiyo kuwa kipimo cha uaminifu wa mtu kwa lengo lake.

Mvutano wa namna hii umo pia katika fikra za Kiislamu, ambazo vijana wengi wa pwani huenda nazo safarini. Zuhudi, yaani kutoutundika moyo katika mapambo ya dunia, imejengwa kwa sehemu juu ya hadithi inayopokewa kutoka kwa Ibn Umar, ambamo Mtume Muhammad (S.A.W.) anamwelekeza awe duniani mithili ya mgeni au mpita njia. Wapo wanaoifahamu hadithi hiyo kuwa hoja dhidi ya hamu ya nyumbani, wakisema kwamba ikiwa dunia yote ni ugeni basi hakuna tofauti kati ya Mombasa na Minnesota. Ufahamu huo unaipunguzia hadithi nguvu yake, kwani mfano wa mgeni hufundisha kwa sababu mgeni ana kwao na moyo wake huelekea huko. Asiyekosa kitu chochote ugenini hawezi kuonja maana ya kuwa mgeni wa dunia, na mafundisho yaliyokusudiwa kumwamsha yatampita.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika masimulizi ya Bibi Aisha, mke wa Mtume, yaliyopokewa na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, kuhusu siku za mwanzo baada ya Hijra, yaani kuhama kutoka Makka kwenda Madina, ya mwaka 622. Waliohamia Madina walishikwa na homa, na Bilal bin Rabah, homa ilipompungua, alipaza sauti kwa beti za kuikumbuka Makka: bonde lake, majani yake yenye harufu, maji ya Majanna, na vilima vya Shama na Tafil. Huyu ni Bilal, mtu mwenye asili ya Uhabeshi aliyekuwa mtumwa katika Makka hiyo hiyo na kuteswa juu ya mchanga wake wa moto kwa sababu ya imani yake. Mji alioutamani haukumpa anasa yoyote, na hakuna anayeweza kumtuhumu kwa udhaifu wa nafsi au uchache wa shukrani. Palikuwa na harufu ya majani aliyoijua, na kukosa harufu hiyo kulikuwa maumivu halali.

Mtume hakumkaripia. Aliomba dua kwamba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi, aiponye na homa, na abariki pishi na kibaba chake, yaani vile vipimo vya nafaka ambavyo nyumba hupimia chakula chake cha kila siku. Mpangilio wa dua hiyo unastahili kutafakariwa kuliko unavyotafakariwa kwa kawaida. Mapenzi ya Makka hayakuombewa yatoke moyoni, bali yamefanywa kuwa kigezo cha mapenzi mapya, na mapenzi hayo mapya yakafungamanishwa na afya na chakula. Ugeni huanza kuwa makazi kupitia kibaba, na pengine ndiyo sababu mwanafunzi anayeruhusiwa kuingia jikoni mwa wenyeji wake akapika wali wa nazi hupata utulivu ambao maneno ya kumfariji hayakumpa.

Nabii Yeremia aliandika kwa roho inayokaribiana na hiyo kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, akiwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia amani mji waliopelekwa, hali akiwaahidi kwamba watarejeshwa kwao. Kulima na kungoja viliwekwa katika barua moja.

Hamu huwa kosa pale inapomfanya kijana awanyime wenyeji wake moyo wake, akashinda amejifungia na simu, mwili uko Ohio na macho yako Zanzibar, hata familia iliyomfungulia mlango ikakosa kumjua. Hapo lawama haimwangukii yeye peke yake, kwa sababu kujulikana huhitaji upande wa pili. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na msemo huo huchukuliwa mara nyingi kuwa onyo kwa mgeni mvivu, ilhali jembe ni hadhi pia: anayepewa jembe ameacha kutazamwa na ameanza kutegemewa. Familia mwenyeji inayomhudumia kijana mwaka mzima bila kumpa kazi humwacha katika siku ya pili ya ugeni wake.

Tiba nayo imekwisha kujulikana kwa muda mrefu. Johannes Hofer, tabibu aliyeandika tasnifu yake Basel mwaka 1688 na kuiita hamu hii nostalgia akiichukulia kuwa ugonjwa, alieleza habari za kijana wa Bern aliyekuwa akisoma Basel, akadhoofika hata ikahofiwa atakufa, kisha akaanza kupata nafuu akiwa bado njiani kurudishwa kwao, kana kwamba tumaini la kurejea lilitosha kumtibu kabla hajafika.

Kwa hiyo wazazi, walimu na waandaaji wa programu wanaowaaga vijana hawa wanapaswa kuliacha agizo la kutolalamika. Wamwambie kijana kwamba atalia, kwamba kilio hicho hakipunguzi shukrani yake wala imani yake, na kwamba aombe kazi katika nyumba atakayofikia mapema iwezekanavyo. Nao wenyeji waambiwe, kabla ndege haijatua, wamwonyeshe jiko lilipo na wampe zamu yake ya kupika.