Kipimo cha Mlangoni

Kijana wa Ushetu akitaka kujifunza useremala au uchomeleaji, je, ni haki apimwe kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu? Wazazi wengine wanasema huko ni kumfungia mlango wa pili mtoto aliyekwisha kufungiwa wa kwanza na mtihani wa darasa la saba. Uchungu wao tunaujua. Lakini seremala asiyeweza kugawanya sentimita 240 mara tatu ataharibu mbao za watu, na fundi umeme asiyesoma maandishi ya hatari aweza kufa. Kuficha upungufu wake si huruma.

Sisi twauliza: upungufu ukishaonekana, ni wa nani? Kipimo kinachoishia kwenye “rudi nyumbani” hakikumsaidia mtu. Kinachofaa humwonyesha mwalimu pa kuanzia.

Tena kiulize na yale kijana ayajuayo. Vijana wetu wa tumbaku huangalia moto wa bani usiku kucha, na hupanga majani kwa madaraja. Huko nako ni kupima, ingawa hakuna daftari. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima hata mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti.

Nasi tusijitoe. Mwaka juzi tulimkataa binti mmoja katika darasa letu la ushonaji kwa kuwa hakuweza kusoma futi. Kusoma futi hufundishwa kwa juma moja. Mpaka leo hatujaenda kwao.