Usiichokonoe, Mwanangu

Mwanangu, keti kwanza. Hiyo boda itakungoja, na isipokungoja, Barabara ya Hoima haijawahi kukosa nyingine.

Umeniambia una laki tano na unataka ziwe milioni kabla ya Krismasi. Sikucheki. Ila njia ninayoijua mimi haifiki Krismasi. Inafika siku mwanao, ambaye hata hajazaliwa, atakapoanza sekondari.

Baba yangu alikuwa haamini mtu, anaamini noti. Akizificha kwenye debe chini ya kitanda. Mei 1987 sarafu ikabadilishwa: sifuri mbili ziliondolewa, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa. Lakini hata kabla ya mwezi ule, bei ya sukari na sabuni ilikuwa imekwisha kuzila noti zake. Hakuna mwizi aliyeingia ndani. Pesa iliyolala hupungua ikiwa imelala.

Mimi nikakosea upande wa pili. Benki ya Stanbic ya Uganda ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 70, kabla ya kuingia sokoni mwanzoni mwa 2007, nilipanga foleni na wenzangu. Bei ilipopanda sokoni nikauza upesi, nikajiona mjanja. Faida ikaishia kwenye sherehe ya kwanjula ya rafiki yangu. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Waliobaki na hisa zao waliongezewa nyingine miaka iliyofuata, hata moja ikawa kumi. Hilo peke yake halimtajirishi mtu, maana bei ya kila hisa hushuka. Kilichowafaa ni gawio, na benki yenyewe iliyokuwa ikikua wao wametulia.

Lakini usitoke hapa mbio ukanunue hisa za kampuni moja. Uchumi, kampuni ya maduka ya Kenya, nayo hisa zake ziliorodheshwa kwenye soko letu la hisa la Kampala. Oktoba 2015 ikafunga maduka yake yote Uganda. Ipi itakua na ipi itakufa? Mimi sikujua, na wataalamu wengi wanaolipwa kujua hukosea pia. Ndiyo maana nasema tawanya. Sheria ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja tunayo tangu 2003. Pesa yako kidogo inaingia humo pamoja na ya wengine, inagawanywa sehemu nyingi. Uliza kama wanaoiendesha wana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kisha uliza wanakata kiasi gani kwa mwaka. Watu huona aibu kuuliza hili, sijui kwa nini. Asilimia 2 inasikika ndogo, lakini mfuko ukipata 10, wamechukua sehemu moja kati ya tano ya faida yako.

Au anza na hati fungani za serikali. Shilingi 100,000 zinatosha, unapitia benki yako, riba inaingia kila miezi sita. Kodi kwenye riba ni asilimia 20, na kwa za miaka kumi na zaidi ni 10.

Halafu uiache hiyo pesa, mwanangu. Hapa ndipo vijana mnaposhindwa, na ndipo niliposhindwa mimi. Wamarekani wawili, Brad Barber na Terrance Odean, walichunguza kaya 66,465 zilizonunua na kuuza hisa kati ya 1991 na 1996. Waliokuwa wakinunua na kuuza mara nyingi kuliko wote walipata asilimia 11.4 kwa mwaka. Soko lenyewe lilitoa 17.9. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na shughuli nyingi tu, na kila shughuli ina gharama yake.

Umewaona watengenezaji wa lubugo, kile kitambaa cha gome, wanavyoufanyia mti wa mutuba. Wanaubandua gome, wanaufunga kwa majani ya migomba, wanauacha. Gome linarudi. Anayerudi na kisu kila wiki anabaki na kuni.

Najua rafiki yako ana kundi la simu linaloahidi asilimia 30 kwa mwezi. Desemba 2019 ofisi za Dunamiscoins, walioahidi faida kubwa vilevile, zilifungwa ghafla, watu wamesimama mlangoni na stakabadhi zao. Na wao waliletwa na marafiki. Hata serikali inayokusanya kodi ya nchi nzima hailipi riba ya namna hiyo. Huyo anaitoa wapi?

Kwanza weka kando pesa ya kodi ya nyumba na ya maradhi, ya miezi kadhaa, mahali unapoweza kuichukua siku hiyohiyo. Bila hiyo, malaria moja itakufanya uuze kila kitu siku bei iko chini.

Kinachobaki, kipeleke kesho benki. Chukua kitambulisho, uulize akaunti ya hati fungani, usome karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Rafiki yako mwache nyumbani.