Tungojee Vumbi Lianguke



Balaamu alimpiga punda wake mara tatu. Punda alikuwa ameona malaika njiani. Mwenye kumpanda hakuona (Hesabu 22).

Kiangazi kilichopita, kwa njia ya udongo ya Pweto, shofere wetu alipunguza mwendo nyuma ya kamiyo, maana vumbi lilifunika yote. Mimi shemasi nikamwambia: “Tumeomba, pita!” Akapita. Baba mmoja mwenye baisikeli ya makala akajitupa majanini. Alipona. Mimi nilitubu.

Wandugu, kuomba si kumjaribu Mungu. Shofere akipunguza mwendo, tusimpige kwa maneno. Awashe taa, aache nafasi, angojee vumbi lianguke. Pengine malaika amesimama pale.

Amina.