Je, Panya Ateswe kwa Ajili ya Farasi?

Mara nyingi watu huuliza kama ni halali kumtesa mnyama ili kumponya mtu. Leo tutazame swali jingine: je, ni halali kumtesa mnyama mmoja kwa faida ya mnyama mwingine?

Mwaka 1977, huko Newmarket katika Uingereza, mji wa farasi wa mashindano, farasi majike wengi walitokwa na uchafu katika uzazi, wala hawakushika mimba. Sababu yake ni bakteria iitwayo Taylorella equigenitalis. Dume huichukua bila dalili yoyote, akamwambukiza jike kwa kumpanda. Jike kwa kawaida hafi. Hasara ni mimba, na fedha ya mwenye farasi.

Farasi ni ghali, na mimba yake ni ya miezi 11. Basi wataalamu walijaribu kuwaambukiza panya na wanyama wengine wadogo, wapate kuujua ugonjwa huo.

Mmoja atasema: «Panya ni kitu gani? Tunamwua kila siku.» Kweli, twamwua kwa kuwa anakula mahindi yetu. Lakini yule aliye ndani ya sanduku la mtaalamu hakula mahindi ya mtu. Bei ya sokoni hupima mali, haipimi maumivu.

Mwingine atasema: «Basi, mnyama asiguswe kamwe.» Huyu naye ana haraka. Jike mgonjwa pia huumia, na asiyeujua ugonjwa atautibuje?

Tufikiri vema. Kwanza, je, panya aweza kujibu swali lenyewe? Kwa asili ugonjwa huu huwapata farasi na jamaa zao tu, kama punda. Kwa hiyo jibu la panya si daima jibu la farasi. Pili, je, hakuna njia nyingine? Mwaka 2014 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kwamba bakteria hiyo yaweza kuishi ndani ya amiba, kiumbe cha chembe moja, kisicho na mishipa ya fahamu. Amiba haina uzazi, haitafundisha yote. Lakini swali inaloweza kulijibu, si haki tena kumwuliza panya.

Kabla ya kufungua sanduku, mtaalamu aweze kusema: «Nimetafuta njia nyingine, sikuiona.» Asipoweza kusema hivyo kwa kweli, amwache panya.